Damu ya Mninga

Mshale ulipotoka sikuusikia upinde.
Nilisikia kishindo kifupi, kama ngumi kwenye gunia la korosho,
na pongo akaruka, mgongo umepinda,
akaingia kichakani matawi yakibaki yanatikisika.
Nikataka kukimbia. Somoe akanishika shati.
"Keti. Ukimfukuza sasa, utamfukuza mpaka Nachingwea."

Tukaketi juu ya kichuguu.
Akatafuna muhogo mbichi, taratibu, kana kwamba
hakuna kiumbe porini aliyetobolewa na chuma changu.
Mimi nilihesabu matuta ya kunde ya mama,
manane, yaliyoliwa wiki nzima mpaka kwenye shina.
Kivuli cha upinde kikahama gotini, kikafika kidole cha mguu,
ndipo akasema, "Haya."

Mshale tuliukuta kwenye majivu ya nyasi.
Akaunusa. Akaupitisha kati ya vidole viwili.
"Povu lingekuwa pafu, saa hizi tungekuwa tunachuna.
Majani yangekuwa tumbo, tungerudi kesho.
Hii nyeusi, nzito. Ini.
Umempiga nyuma ya ulipolenga."
Hakunilaumu. Ilikuwa sauti ya fundi cherehani
akitaja kipimo cha nguo iliyokwisha kukosewa.

Mwezi wa kumi, Liwale, msitu ni mwongo.
Miyombo huchipua mekundu kabla ya mvua:
jani changa ni damu, jani lililoanguka ni damu,
hata siafu wamebeba kitu chekundu.
Somoe akachana kanga yake kuukuu, ile iliyofutika maandishi,
akafunga utepe kila palipo na tone la kweli,
tone alilolifikicha likaacha rangi kwenye ukucha.
Wa kwanza. Wa tatu. Wa sita.
Ukigeuka nyuma unauona mstari,
pongo anavyoteremka kutafuta korongo.

Baada ya wa tisa nikaona matone makubwa, mengi, yanameta.
Nikapiga mluzi, nikatangulia,
hatua mia, mia mbili, moyo umenijaa nyama,
nikafika kwenye kisiki.

Mninga, umekatwa usiku wa jana.
Gogo limeburutwa kwenda zake barabarani
na kisiki kinavuja utomvu wake mwekundu, polepole,
kama bomba ambalo mtu alisahau kulifunga.
Nikasimama na vidole vinavyonata.
Somoe akafika, akakitazama kisiki, akanitazama.
"Na huyu, nani anamfuatilia?"
Akageuka, akarudi kwenye utepe wa tisa.

Alipiga magoti. Nusu saa kwa hatua nne.
Damu hakuitafuta tena; alitafuta jiwe lililogeuka tumbo juu,
utando wa buibui uliokatika usawa wa goti,
unyasi wenye doa upande mmoja tu, kimo cha ubavu wa pongo.
Nzi wa kijani akapita sikioni mwetu.
Akamfuata nzi.

Alikuwa kwenye matete makavu, amekunja miguu ya mbele
kama mtu aliyechoka kungoja zamu zahanati.
Jani dogo karibu na pua yake likatikisika,
likatulia,
likatikisika.
"Ulisema Bismillahi ulipoachia?"
Nikafungua mdomo. Nilikumbuka ulimi mkavu. Nilikumbuka kunde.
Nilikumbuka kutamani kaka Mfaume angekuwepo anione.
"Sikumbuki."

Hakusema kitu. Akanipa kisu.
Nikamgeuza kibla; shingo ilikuwa na joto la mtoto mwenye homa.
Nikalitaja jina kwa sauti, mara mbili:
la kwanza la kisu,
la pili nikalituma nyuma, utepe kwa utepe,
lipotee kidogo pale kisikini kama nilivyopotea,
kisha lipande kilima, lipite majivu na kichuguu,
liwahi kwenye kamba ya upinde
kabla vidole vyangu havijafunguka.